Samaki wa thamani ya 1,386 waliompita: uchambuzi wa usiku mmoja kwenye sloti ya uvuvi

Aliniandikia saa saba usiku. "Kaka, hebu niangalizie, nimekosea wapi?" Akaambatanisha vitu viwili: historia ya mchezo wake wa sloti (ule wa kasino ya mtandaoni ambapo unabonyeza, nguzo zenye picha zinazunguka, na picha zikijipanga unalipwa) aliyoipakua kwenye akaunti yake, mzunguko kwa mzunguko, na picha tatu za kurasa za daftari. Historia za namna hiyo nimesoma nyingi na zinafanana. Daftari ndilo lililonikalisha.

Ukurasa wa kwanza umeandikwa juu "Walionipita", kisha namba zinateremka safu baada ya safu: 2, 5, 2, 10, 2, 5, 25. Ni namba zilizokuwa zimeandikwa kwenye samaki waliotokea kwenye kioo chake na kuondoka bila kumlipa. Ameziandika kwa mkono huku anacheza, kwa dakika 52. Chini kabisa kajumlisha, akapiga mistari miwili: 1,386.

Kwa ridhaa yake nakichambua kisa hiki bila kumtaja yeye wala mchezo. Fedha nimezigeuza kuwa madau, dau 1 likiwa kiasi alichoanza nacho kwa kila mzunguko. Aliingia na madau 200, akatoka hana kitu. Na kuna jambo moja la kujua kumhusu kabla hatujaingia kwenye namba: ni mvuvi wa mshipi. Si kwa riziki, huvua siku za mapumziko, lakini ameanza akiwa mtoto na anajua anachokifanya. Nadhani asingekuwa mvuvi, usiku ule ungekwisha mapema zaidi.

Mchezo wenyewe ni wa familia ambayo sasa ina wanachama wengi. Fishin' Frenzy ulikuwa miongoni mwa michezo ya mwanzo kumfanya mvuvi akusanye samaki wenye thamani ndani ya mizunguko ya bure. Kisha Desemba 2020 ukaja Big Bass Bonanza, uliotengenezwa na Reel Kingdom na kusambazwa na Pragmatic Play, na tangu hapo wengi wameufuata. Mpangilio wa Big Bass ndio karibu kila mtu anaoiga: nguzo 5, safu 3, mistari 10 ya malipo. Alama tatu za bonasi hukupa mizunguko 10 ya bure, nne hukupa 15, tano hukupa 20. Ndani ya mizunguko hiyo ya bure, na humo tu, hutokea mvuvi. Mvuvi akitua kwenye kioo kimoja na samaki, anakusanya namba zote zilizoandikwa juu yao. Kila mvuvi wa nne anaongeza mizunguko 10, na mzidisho wa anachokusanya unapanda: mara 2, baadaye mara 3, mwisho mara 10. Sloti ya huyu ndugu yangu ilikuwa binamu wa karibu wa hiyo, kanuni zilezile, picha tofauti.

Rudia maneno yale "na humo tu", maana daftari zima limesimama juu yake. Kwenye mchezo wa kawaida mvuvi hayumo kabisa kwenye nguzo. Hajafichwa, wala si kwamba hutokea mara chache, hayumo. Samaki watatu wakijipanga kwenye mstari watalipa kidogo kama alama nyingine yoyote, lakini ile namba waliyoandikwa haihusiki na malipo hayo. Samaki wa 25 aliyepita kwenye mzunguko wa 40 hakuwa na njia yoyote ya kuvuliwa. Ile 25 ilikuwa rangi juu ya picha.

Kwa hiyo 1,386 si hesabu ya kilichokosekana. Nilipomwambia hivyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini kaka, walikuwepo. Niliwaona."

Hapo ndipo uvuvi wake ulipomponza. Anayevua kwa mshipi haoni samaki mpaka mwisho. Anasoma dalili: maji yamebadilika rangi, ndege wameshuka mahali pamoja, uzi umegusika kidogo ukatulia. Samaki mwenyewe akionekana, ujue kazi imekwisha au inakaribia. Mtu aliyeishi na mpangilio huo miaka yote akiona samaki wanne kwenye kioo kimoja, wenye thamani zao wazi, mwili wake unamwambia yuko mahali penyewe na kilichobaki ni kutulia. Mchezo umegeuza utaratibu: samaki anaonyeshwa kwanza, tena kila baada ya sekunde chache, na kuonyeshwa huko hakuna habari yoyote ndani yake. Mtu asiyejua bahari angeona katuni. Yeye aliona kundi la samaki.

Sasa historia. Mizunguko 570 kwa jumla. Mizunguko 500 ya kwanza aliweka dau 1, mizunguko 70 ya mwisho akaweka madau 2, hivyo aliweka mezani madau 640. Alirudishiwa 440. Tofauti ni zile 200 alizoingia nazo. Watu wengi hushtuka hapa: aliingia na 200, ameweka vipi 640? Kwa sababu kila kilichorudi kilirudi mchezoni. Na ile asilimia ya marejesho, wachezaji wanayoiita RTP, inahesabiwa juu ya hizo 640, si juu ya 200.

Kuhusu asilimia hiyo aliniambia kwa uhakika, "Mchezo huu unarudisha 96 na nusu." Alikuwa ameisoma mahali. Nikamwomba afungue ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe, kwenye kasino ileile anayochezea, anitumie picha. Imeandikwa 94.5. Hakuna aliyemdanganya. Watengenezaji wengi hutoa mchezo mmoja katika matoleo kadhaa yenye asilimia tofauti, na mwenye kasino ndiye anayechagua. Picha zilezile, muziki uleule, mvuvi yuleyule mwenye kofia. Ila sehemu inayobaki kwa kasino imetoka 3.5 kwenda 5.5 katika kila 100, ongezeko la zaidi ya nusu, na juu ya kioo huoni tofauti yoyote.

Kwa 94.5, hasara ya wastani kwa madau 640 ni kama 35. Yeye alipoteza 200. Akauliza, bila shaka, kama amechezewa.

Jibu langu ni kwamba rekodi hii haionyeshi hivyo, na pia haiwezi kuonyesha kinyume chake. Mizunguko 570 ni michache mno kupimia asilimia ya sloti ya aina hii. Maabara za ukaguzi kama Gaming Laboratories International au eCOGRA hazihukumu mchezo kwa kucheza jioni moja; huchunguza hesabu na jenereta ya namba nasibu, yaani programu inayochagua matokeo ya kila mzunguko, na majaribio ya kompyuta huenda mizunguko mamilioni. Hizi sloti za uvuvi zina mtikisiko mkubwa, yaani malipo yake hupanda na kushuka sana. Sehemu nzito ya marejesho yake imefungiwa ndani ya bonasi, na ndani ya bonasi imefungiwa tena kwenye zile chache ambamo mvuvi wa nne, wa nane, wa kumi na mbili wanatokea. Watu wachache wanachukua kikubwa, na wastani unapandishwa na hao. Ukichukua wachezaji wa usiku mmoja ukawapanga kuanzia aliyepoteza zaidi hadi aliyepata zaidi, yule wa katikati yuko chini ya wastani. Nilimwambia pia ahakikishe kasino ina leseni inayoweza kuthibitishwa kwa mdhibiti wa michezo ya kamari mwenyewe, kwa sababu michezo bandia iliyonakiliwa ipo, na kwenye hiyo uchambuzi wote huu hauna kazi. Aliangalia. Ina leseni.

Katika mizunguko ya kawaida, 148 ilimlipa chochote. Ukiisoma haraka ni zaidi ya mara moja kati ya nne, si vibaya. Lakini 97 kati ya hiyo ilimlipa chini ya dau alilokuwa ameweka: 0.2, 0.5, 0.4. Kwenye kioo, kila mojawapo ilikuja na sauti ya maji kuruka, namba ikipanda, kengele. Kaweka 1, karudishiwa 0.4, kapigiwa kengele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, Mike Dixon, Kevin Harrigan na wenzao, walichapisha mwaka 2010 kipimo cha jambo hili hasa: walipima jinsi ngozi ya mchezaji inavyoitikia, wakakuta hasara iliyovalishwa nguo za ushindi inausisimua mwili karibu kama ushindi wa kweli, tofauti na hasara ya kimya. Nchini Uingereza, tangu tarehe 31 Oktoba 2021, mdhibiti amepiga marufuku sloti kusherehekea malipo yasiyozidi dau, na siku hiyohiyo akaondoa mchezo wa kujiendesha na kuweka sekunde 2.5 kuwa muda mfupi kabisa wa mzunguko. Huyu ndugu yangu hachezi chini ya kanuni hizo. Nilimtumia orodha ya mizunguko ile 97 nikamuuliza anaikumbuka vipi. Akasema alikumbuka kuwa "samaki wadogo wadogo walikuwa wanauma".

Bonasi ya kwanza ilikuja mzunguko wa 212, na hii niisimulie taratibu, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa ukurasa mzima wa pili wa daftari.

Mizunguko 10 ya bure. Wa pili, mvuvi mmoja na samaki wawili: 7. Wa nne, mvuvi na samaki mmoja wa 5. Wa sita, mvuvi wa tatu, na samaki wanne wakiwemo wa 15 na wa 10. Hapo akakusanya vizuri. Kwenye ngazi ya pembeni inayohesabu wavuvi, vituo vitatu vimewaka, cha nne kinapepesa. Mizunguko minne imebaki. Wa saba, mtupu. Wa nane: samaki watano kwa pamoja, 50, 10, 5, 5 na 2. Jumla 72. Mvuvi hayupo. Wa tisa, samaki mmoja. Wa kumi, hakuna. Bonasi ikafungwa na 61, pamoja na malipo ya kawaida ya mistari.

Kwenye daftari, 72 imezungushiwa duara mara tatu mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Ule mzunguko wa nane ndio moyo wa muundo wa mchezo. Malipo makubwa yanahitaji vitu viwili vikutane kwenye kioo kimoja, samaki wenye thamani na mvuvi, na kila kimoja kikija peke yake kinaonekana kama nusu ya ushindi. Samaki bila mvuvi ni sifuri. Mvuvi bila samaki naye hakusanyi chochote. Lakini jicho halioni sifuri; linaona 72 ikisubiri mtu mmoja. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake walionyesha kwamba kukosa kwa karibu, hata kama hakumpendezi mtu, kunaamsha sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi na kunaongeza hamu ya kuendelea pale mchezaji anapojiona ana mkono wake ndani ya mchezo. Huyu alikuwa na mkono, kalamu na daftari.

Nje ya bonasi kuna kukosa kwa karibu kwa aina nyingine. Alama mbili za bonasi zilitua mara 31, na kila mara nguzo zilizobaki zilipunguza mwendo na ngoma ikapanda. Matokeo yalikuwa yameshapatikana tangu alipobonyeza. Mwendo ule wa polepole ni maonyesho tu ya jambo lililokwisha, na unamchukua sekunde kadhaa za kuomba.

Bonasi ya pili, mzunguko wa 455: mvuvi mmoja, samaki mmoja, madau 9. Hakuiandika popote.

Alichokiandika ni hiki: "212. 455. Pengo 243. Ya tatu iko jirani." Mvuvi tena huyo. Bahari ina ratiba: maji yanajaa na kupwa, bamvua na maji mafu hufuata mwezi, na mtu mwenye akili anapanga siku yake kwa hizo. Aliipa sloti kalenda. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba nafasi ya bonasi ni moja kati ya 200 kwa kila mzunguko. Uwezekano wa kumaliza mizunguko 200 bila bonasi ni karibu asilimia 37. Mizunguko 400 bila bonasi, karibu asilimia 13.5. Hata 600 mikavu humpata mchezaji mmoja katika kila ishirini. Na ukishapita mikavu 100, nafasi ya mzunguko wa 101 ni ileile moja kati ya 200, kwa sababu jenereta haikumbuki. Hakuna maji yanayojaa nyuma ya kioo.

Kwa imani hiyo, mzunguko wa 501, akiwa na madau 88 mkononi, alipandisha dau hadi 2. Hapa kuna jambo ambalo nakiri sikuliona mara ya kwanza. Kwenye ukurasa wa tatu ameandika kwa herufi kubwa: "NIMEPANDISHA DAU, WAKUBWA WAMEINGIA." Na kweli namba za ukurasa huo ni kubwa: 4, 10, 20, 4, 30. Nikazijumlisha: 290 kwa mizunguko 70, zaidi ya 4 kwa mzunguko. Mizunguko 500 ya kwanza ilikuwa na jumla ya 1,096, sawa na 2 na kidogo kwa mzunguko. Samaki wameongezeka karibu maradufu!

Wameongezeka kwa sababu dau limeongezeka maradufu. Thamani ya samaki ni mara kadhaa ya dau, na kioo kinaionyesha ikiwa imeshazidishwa. Samaki wa 10 akawa wa 20 bila kitu chochote kubadilika ndani ya mchezo. Ukigawa kwa dau, mizunguko ile 70 ilikuwa na samaki wachache kidogo kuliko mwanzo. Yeye alisoma uamuzi wake mwenyewe ukirudi kwenye kioo kama ishara kutoka baharini, na ishara hiyo ikamthibitishia uamuzi. Nimechambua rekodi nyingi, sikuwahi kufikiria kwamba kupandisha dau kunaweza kujipongeza kwenyewe namna hii.

Akawasha kitufe cha kasi. Mizunguko hiyo 70 ilimchukua dakika nne. Aliweka 140, ikarudi 52, na hapo 88 zikaisha.

Saa sita na dakika arobaini alijaribu kuongeza fedha, akakataliwa. Mchana wake, kabla hajacheza, alikuwa amejiwekea kikomo cha madau 200 kwa siku, na kukipandisha kunasubiri saa 24. Kwenye barua yake jambo hili limo kama lalamiko: "Na hawa wakanizuia nikiwa nimeshaisoma." Katika kila alichofanya siku ile, hicho kikomo ndicho pekee kilichobadilisha matokeo, na alikiweka akiwa hana samaki mbele ya macho. Nilimshauri akishushe zaidi, na kwa kuwa kushusha hakusubiri, alifanya hivyo tukiwa bado kwenye simu. Nikamwambia pia kuna kitufe cha kujifungia akaunti kwa miezi sita. Hilo alisema atalifikiria.

Swali lake lilikuwa amekosea wapi, na nimejaribu kuwa mkweli. Ndani ya mizunguko hakukosea, maana hakuna pa kukosea. Hakuna mkono mzuri wala mbaya wa kubonyeza. Kupandisha dau kulimfanya aishe haraka zaidi, basi. Akauliza kama angepata kasino yenye toleo la 96.5 hali ingekuwa tofauti. Nilimhesabia: kwa madau 640 hasara ya wastani ingekuwa kama 22 badala ya 35. Madau 13 ya tofauti, katika 200 alizopoteza.

Kuna jambo moja nililomwonyesha mwishoni. Mzunguko wa 231, muda mfupi baada ya bonasi ya kwanza, mstari mmoja ulimlipa vizuri na salio likafika 214. Madau 14 juu ya alipoanzia. Ndio wakati pekee usiku ule alipokuwa mbele. Nikatafuta kwenye daftari kama ameuandika. Kwenye mstari huo kuna samaki wawili, 5 na 2, waliompita.

Alifungua daftari lake upande wa pili wa simu, nikasikia kurasa. "Nilikuwa nao 214?" akauliza. Nikamsomea muda: saa sita na dakika tisa. Akaniomba nirudie mzunguko wa ngapi, akatafuta kalamu.